Hema la Pili

Kwa miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nagawa viwanja vya mahema kwenye makambi ya kanisa letu, na sijui kazi nyingine inayoonyesha tabia ya muumini haraka kama ile. Watu wanaoimba pamoja vizuri mwaka mzima, wape hatua tano za ardhi wagawane, uone. Kamba za huyu zimeingia kwa mwenzake, jiko la yule linamfukizia jirani moshi, mwingine kaandikisha watu watano kaja na kumi na wawili. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: naandika haraka, na simwogopi mtu. Mdomo wangu hauna breki, hilo nalijua, na mzee wa kanisa analijua zaidi.

Kwa asiyeyajua makambi, ni ile wiki ya mwaka tunayofunga nyumba zetu na kwenda kulala kwenye mahema, kusali na kusikiliza mahubiri. Sisi tulikuwa tunapiga kambi ng'ambo ya Suguti, kwenye mteremko unaoshukia ziwani, mbali na kijiji. Duka hakuna. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu kubwa, na kila jioni watu walijipanga pale juu kama mbuzi, wanapiga simu kuuliza kama kuku wamefungiwa. Kati ya hema na hema ni turubai tu. Ukikohoa, jirani anajua umekohoa mara ngapi.

Mimi si mtu wa ziwa. Kwetu ni Butiama, upande wa Mwitongo, watu wa ng'ombe. Baba yangu alikuwa haogi hata mtoni. Mama ndiye aliyebatizwa akaanza kutuleta makambini, na alipofariki nikaendelea kuja peke yangu kutoka Musoma, ambako nauza nguo za watoto sokoni, mitumba. Mwaka ule wa kwanza bila mama nilishindwa hata kusimamisha nguzo ya katikati. Mwanamke wa hema la jirani, mkulima wa muhogo wa hapohapo Suguti, alikuja akaninyang'anya kamba mkononi. "Unafunga kama unafunga ndama," akaniambia, akacheka. Tangu siku hiyo nilimwita Mama, naye akaniita mwanangu. Kila mwaka niliweka hema langu ubavuni mwa lake.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mkubwa wangu kwa miaka miwili hivi. Nilimfahamu vizuri, maana ndiye aliyekuwa akituchotea maji. Alikuwa na tabia ya kusafisha koo mara tatu kabla ya kusema jambo lolote, hata kama ni kuomba chumvi, nami nilimtania sana kwa hilo. Alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Siku moja dhoruba iliwakuta huko katikati, mtumbwi ukapinduka. Alikuwa na vijana watatu wa kijijini kwao. Siku ya tatu walionekana wote watatu, wakazikwa. Yeye hakuonekana.

Watu walimshauri mama yake afanye kama wafanyavyo pale ziwani mwili usipopatikana: kukata shina la mgomba, kulivisha sanda, kulizika mahali pa mtu, msiba uishe. Akakataa katakata. "Nani amemwona?" akawauliza. Hakuna aliyemwona. "Basi hajafa. Hajarudi tu."

Mwaka huo alikuja makambini na mahema mawili.

La pili alilisimamisha kati ya lake na langu. Ndani alitandika nyasi, juu yake mkeka, blanketi, na ndara za kijana wake mlangoni. Kila asubuhi aliweka ndoo ya maji ya kunawa mbele ya hema lile, na jioni aliyamwaga. Ijumaa, tunapopika chakula chote cha Sabato kabla jua halijazama, alitenga sahani mbili. Watu walinong'ona, jamani, walinong'ona! Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, kwa sababu wale mama watatu waliozika watoto wao walikuwa upande wake. Walikuwa wakija kwake kwa zamu na mzigo wa kuni. Walikuwa wakimwonea huruma kuliko walivyojionea wenyewe, kwamba wao angalau wana makaburi ya kupalilia.

Mwaka wa tatu tangu apotee, nilikwenda Bunda siku ya mnada kuuza nguo. Nilikuwa nimetandaza turubai langu karibu na mafundi baiskeli, nainamisha kichwa kumtafutia mteja gauni, nikasikia nyuma yangu mtu anasafisha koo. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu. Nikageuka taratibu, kwa sababu nilikuwa naogopa kukuta hakuna mtu.

Alikuwepo. Kanenepa kidogo, kanyoa kipara, anapiga pampu kwenye gurudumu, na mtoto wa kike wa kama mwaka mmoja na nusu amekaa juu ya boksi la spana. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeachia pampu kwanza.

Aliniomba tusogee nyuma ya vibanda. Akaniambia alishikilia dumu mpaka asubuhi, akatupwa ufukweni mbali kabisa, akatembea. Alipopata habari kwamba wenzake wameonekana, akashindwa kurudi. Watu wazima watatu walimkabidhi watoto wao, yeye ndiye aliyesema siku ile hali ya hewa ni nzuri, twendeni. Angeingia vipi Suguti akiwa mzima? Angewaangalia kwa macho gani?

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia kila kitu: hema, ndoo, sahani, minong'ono. Nilimwita mwoga, nilimwita maneno ambayo mtu wa kanisani hapaswi kuyajua. Alisikiliza yote. Kisha akasafisha koo akasema, "Mwambie nimekufa. Nakuomba. Mwambie umesikia kwa mtu nimekufa, apumzike."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, nikakunja biashara yangu kabla hata saa nane haijafika.

Ungedhani nilikwenda moja kwa moja Suguti. Mimi niliyesema siogopi mtu. Kwenye basi, tulipofika Makutano ya kwetu Butiama, nilikuwa tayari nimeanza kujitungia sababu: nikimwambia mama atakwenda Bunda, watu watajua, wale mama watatu watajua, na mtu mmoja aliyeishi ataonekana ameiba uhai wa watatu. Acha kwanza. Nikasema acha kwanza, na acha kwanza ikawa miaka mitatu.

Sasa sikilizeni jambo linalonishinda mpaka leo. Kabla ya kumwona Bunda, hema lile halikunitisha hata siku moja. Ni baada ya kujua kwamba yu hai ndipo nikaanza kulisikia.

Makambi yaliyofuata, alfajiri, nikiwa nimelala nageukia ukuta wa turubai, nilisikia upande wa pili mtu anasafisha koo. Mara tatu. Nikajiambia ni mama mwenyewe, amekuja kupanga vitu. Nikachungulia: mama alikuwa chini kule ziwani na ndoo kichwani, anapanda mlima. Siku nyingine mchana, wote wapo kwenye mahubiri nami nimebaki kulinda mahema, niliona turubai lile linatuna kutoka ndani, pale chini, kama mtu aliyelala anageuka na kuegemeza mgongo. Upepo haukuwepo. Nilijikaza nikafungua mlango. Mkeka, blanketi, ndara. Nikagusa mkeka kwa kiganja, ulikuwa na joto. Jua, nikasema. Ni jua. Nikafunga mlango na sikukaribia tena hema lile mpaka jioni.

Mzimu wa mtu anayeziba pancha Bunda! Ningemwambia nani? Wengine wote waliamini mtu yule amekufa, na walipita pale wanaimba, watoto wao wanaruka kamba za hema lile bila wasiwasi. Mimi peke yangu niliyejua ukweli ndiye niliyekuwa nalala na kitambaa masikioni. Nikahamisha mkeka wangu upande mwingine. Nikajipa sababu ya moshi.

Mwaka wa sita mama alikuja amedhoofika. Pikipiki ilimshusha njia panda, na mahema yote mawili aliyabeba mgongoni kwa safari mbili. Alipokuwa anasimamisha la pili nguzo ilimteleza, akaangukia mkono. Nilimkuta amekaa chini anaupulizia, na bado anatafuta kigingi kwa mkono mwingine. "Njoo unisaidie, mwanangu," akasema. "Mwaka huu nina mawazo kwamba atakujaga."

Nililifunga hema lile mimi mwenyewe, kwa hasira, kila fundo nikimtukana kimoyomoyo yule wa Bunda. Na hapo ndipo nilipoamua.

Kazi yangu nyingine kama katibu wa mahema ilikuwa kuandika orodha ya marehemu. Nilipita hema kwa hema kuuliza nani amefiwa tangu makambi yaliyopita, naandika majina, nampa mzee wa kanisa, anayasoma Sabato asubuhi mbele ya watu wote, na familia inasimama. Mwaka huo yalikuwa majina manane. Nikaongeza la tisa.

Nilijiambia namfanyia wema. Mama atalia siku mbili, atakunja hema lake, atapumzika. Na nikiwa mkweli, nilitaka mimi pia nilale. Mawazo ya mtu wa ng'ombe hayo. Kwetu ng'ombe akipotea siku nyingi tunasema kaliwa, maisha yanaendelea. Miaka yote ile kati ya watu wa ziwa, sikuwa nimejifunza kwamba wao hawamtaji mtu kuwa marehemu kwa kukadiria. Anayemtaja ni yule aliyemwona. Kutaja ni kutoa ushahidi.

Mzee wa kanisa alisoma. Alipofika jina la tisa alisita, akaangalia karatasi, akaangalia mahali nilipokaa, akalisoma. Halafu kilio kikapasuka upande wa akina mama. Wale mama watatu waliinuka wakamkimbilia, mmoja alidondosha hata kitambaa cha kichwa. Mama yake yeye hakusimama, hakulia. Alikuwa amegeuka ananitazama mimi.

Alasiri alikuja hemani kwangu. Nilitegemea matusi, na niliyastahili. Lakini alikuwa ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kitenge kipya na mkoba begani. Alikuwa kama mtu anayekwenda kupanda basi.

"Umemwona wapi?" akaniuliza.

"Mama, nisamehe. Nilikosea, nilichanganya majina."

"Wewe hukoseaga. Wewe unapimaga mpaka hatua za kamba." Akakaa mbele yangu, akanishika mkono kwa ule mkono wake uliovimba. "Mwanangu, sijakuja kugombana. Nimekaa miaka sita nasubiri mtu mmoja tu aniambie nimemwona. Kama ni mifupa, nipeleke nikaione. Kama kuna mtu amemzika huko, nikamshukuru. Umemwona wapi?"

Nilijaribu kusema uongo mwingine, haukutoka. Machozi ndiyo yalitoka.

"Bunda," nikasema. "Mama, hajafa. Anatengeneza baiskeli Bunda."

Hakuelewa kwanza. Akarudia, "Bunda," kama jina la mji asioujua, wakati amepita pale mara mia. Kisha akauliza polepole, "Tangu lini unajua?"

"Mwaka wa tatu huu."

Aliuachia mkono wangu. Aliuweka juu ya goti langu vizuri, kama anarudisha kitu cha mtu.

"Miaka mitatu umeniangalia natenga sahani," akasema.

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sitaki kuiona tena. Nikaanza kumweleza haraka haraka, dumu, ufukwe, hofu ya kuwatazama wazazi wa wenzake. Nikasema, "Na ana mtoto wa kike, Mama, amefanana na—"

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kwa nguvu. "Usiniambie. Hilo usiniambie kabisa."

Wakati huohuo wale mama watatu walikuwa wanapanda mlima wanakuja kwetu. Mmoja alibeba kuni, mmoja sufuria ya uji, wa tatu mkeka wa kukalia msibani. Walikuwa wanakuja kumkaribisha kati yao. Macho yao yalikuwa mekundu. Mama aliwatazama kupitia mlango wa hema langu, muda mrefu, mpaka nikasikia hatua zao kwenye nyasi.

"Waone hao," akaninong'oneza. "Nimwambie yupi kati yao kwamba wangu yupo? Kwamba alikuwa anakula na kulala saa moja na nusu kutoka hapa, na wao wananiletea kuni?"

"Nitalifuta jina. Nitasimama mbele ya watu niseme nimekosea."

"Usilifute," akasema. "Umeliandika, liache."

Akainuka, akatoka nje, akawapokea.

Kijana wake tulimzika Jumanne, nyumbani kwa mama Suguti. Wazee walikata mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba, wakaupima urefu wa mtu, wakauvisha sanda. Mzee wa kanisa hapendi mambo hayo, alisimama pembeni anatazama shamba la muhogo mpaka walipomaliza kufunga, ndipo akaja kusali. Hema la pili walilitandika ndani ya kaburi, chini kabisa. Ilipofika zamu yangu kutupa udongo mikono ilikataa. Nilikuwa najua kwamba saa ile ile mtu huyu amechuchumaa anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Nilikuwa namzika mtu ambaye ningeweza kumpata kwa basi kabla ya chakula cha mchana. Mama alisimama karibu yangu akaninong'oneza, "Tupa." Nikatupa. Udongo ulilia juu ya ule mgomba kama juu ya mtu kabisa, na usiku huo na mwingine mwingi niliusikia.

Kesho yake alinipikia ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, tukala. Hakunifukuza. Lakini hajaniita tena mwanangu, ananiita katibu. Kazi ya ukatibu niliiacha mwaka huohuo, na bado ananiita hivyo.

Mwezi uliofuata nilikwenda Bunda. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta palepale, amelaza baiskeli ubavu, mikono myeusi kwa grisi. Aliponiona aliangaza nyuma yangu haraka, kuona kama nimekuja na mtu. Sikujua kama anaogopa au anatumaini.

Nikamwambia, "Ulichoniomba nimekifanya. Tumekuzika."

Akaweka spana chini. Akauliza nani alikuja, nikamwambia kijiji kizima. Akauliza kaburi liko wapi, nikamwambia liko karibu na mihogo, upande wa njia. Aliitikia kila jibu kwa kichwa, kama fundi anayeelezwa ubovu wa baiskeli. Mwishoni akasafisha koo, ikachukua muda, akauliza kama mama yake alilia sana.

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya kwa hilo. Njia nzima kutoka Musoma nilikuwa najiambia nitasema ndiyo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wake na wangu.

"Mama yako hakulia hata tone," nikamwambia. "Waliolia ni wale mama watatu."